Vichochoro Vina Sheria: Jinsi Miji ya Kale ya Kiislamu Ilivyojengwa

Kila jengo la kale linapoporomoka, kama ilivyotokea kwa sehemu ya Beit el Ajaib, Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, au gari la zimamoto linaposhindwa kuingia mtaani, husikika kauli ile ile: miji hii ilijengwa ovyo, kila mtu alijijengea alivyotaka. Wapo pia wanaoshikilia kinyume chake, kwamba kila uchochoro wa Lamu, Mji Mkongwe, Tunis au Fez umetokana na sunna, na kuugusa ni kuigusa dini. Wote wawili wameupita ukweli. Miji hii ilikuwa na sheria za ujenzi, tena za kina, zenye vipimo, mahakimu na mafundi wa kuzipima. Ila sheria hizo hazikuanzia kwenye ramani. Zilianzia kwenye ukuta unaomtenga mtu na jirani yake.

Maneno machache kwanza. Fiqhi ni elimu ya hukumu za kisheria za Kiislamu kama wanazuoni walivyozichambua. Madhehebu manne makubwa ya Sunni ni Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali, na katika mambo ya ujenzi hayakubaliani kila mara. Kadhi ni hakimu anayesikiliza shauri. Muhtasibu ni mkaguzi wa soko na njia. Anashughulikia yaliyo wazi yasiyohitaji ushahidi, kwa mfano kuamuru ubomolewe ukuta ulioinama juu ya wapita njia. Fina ni ukanda wa ardhi unaoandama ukuta wa nje wa nyumba, kwa kawaida mita 1 hadi 1.5, ambao mwenye nyumba ana haki ya kwanza kuutumia ingawa si wake. Mwisho kabisa kuna tofauti iliyobeba karibu kila kitu: njia inayopenya, yaani ile unayoingilia huku ukatokea kule, na njia isiyopenya, yaani uchochoro unaoishia kwenye milango ya watu.

Si kweli kwamba hapakuwa na mipango ya juu. Mji wa Kufa ulipoasisiwa mwaka 638 wakati wa Khalifa Umar bin Khattab, mwanahistoria al-Tabari anaeleza kuwa barabara kuu zilipewa upana wa dhiraa 40, zinazofuata 30, za kati 20, na vichochoro 7. Basra, kwa maelezo ya mwanasheria al-Mawardi, barabara yake kuu ilikuwa ya dhiraa 60, nyingine 20, na kila uchochoro 7. Dhiraa ni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, yaani karibu nusu mita. Baghdad ya Khalifa al-Mansur, iliyoanzishwa mwaka 762, ilichorwa duara lenye malango manne. Kwa hiyo watawala walijua kuchora mji. Walichokifanya ni kuweka fremu: msikiti wa ijumaa, soko, ngome, barabara kuu, na maeneo ya makabila. Kilichokuwa ndani ya fremu, yaani nyumba moja moja, milango, madirisha, mifereji na vichochoro, kiliachiwa wakazi wenyewe. Hapo ndipo sheria za jirani zilipofanya kazi, na huko ndiko mji tunaouona leo ulikozaliwa.

Hapana kudhuru

Msingi wake ni hadithi fupi ya Mtume: hapana kudhuru wala kudhuriana. Tazama namna inavyofanya kazi. Haisemi nyumba iwe na ghorofa ngapi, wala irudi nyuma mita ngapi kutoka barabarani. Inamwachia mtu ajenge atakavyo hadi pale ujenzi wake unapomdhuru mwingine. Sheria za mipango miji za leo hutangulia jengo na kuliambia liweje. Fiqhi ililifuata jengo na kuuliza limemfanya nini jirani.

Pamoja na hilo kuna haki ya aliyetangulia. Ni kama majahazi yanayotia nanga kwenye ghuba ndogo: la kwanza huchagua mahali, la pili hujipanga kwa kuliangalia la kwanza, la kumi huingia palipobaki bila kuwakatia wengine njia ya kutokea. Nyumba za mji wa kale zimejipanga hivyo hivyo. Aliyejenga mwanzo akafungua dirisha amepata haki. Anayekuja baadaye hujenga akiwa na dirisha hilo mbele yake. Ndiyo maana unakuta ukuta umepinda ghafla bila sababu inayoonekana. Sababu ilikuwapo. Pengine ilikuwa mlizamu wa mtu, yaani kopo la kutolea maji ya paa, au mlango uliokwisha kuzibwa.

Lakini madhara yenyewe yanapimwaje? Katika hilo madhehebu yanaachana, na hitilafu hiyo inatuhusu sana sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi ni Shafii. Wamaliki wa Tunis, Fez na Andalusia waliibana milki ya mtu kwa ajili ya jirani. Washafii waliipa milki uhuru mpana zaidi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaandika katika Minhaj, matini inayosomeshwa kwetu hadi leo, kwamba kila mtu hutumia milki yake kwa kadiri ya ada, na akivuka ada atalipa. Kisha anaongeza kuwa kauli sahihi zaidi ni kwamba mtu anaweza kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu, yaani bafu la umma, au zizi, na duka lake katika soko la nguo kuwa karakana ya mhunzi, mradi achukue tahadhari na aimarishe kuta. Mmaliki angesita sana hapo.

Tafsiri yangu ni hii: kwa Washafii uzito ulihamia kwenye neno ada. Kama kipimo ni desturi ya mahali, basi desturi ndiyo sheria ya ujenzi, na anayeijua desturi ni wazee wa mtaa na waashi wenyewe. Ndiyo maana anayetafuta kanuni za Lamu asiishie vitabuni.

Njia ni ya nani?

Hadithi nyingine, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inasema watu wakihitilafiana kuhusu njia, iwekwe dhiraa saba. Hiyo ni karibu mita 3.2 hadi 3.5, upana unaotosha ngamia wawili wenye mizigo kupishana. Wengi huisoma kama amri kwamba kila njia iwe na upana huo, kisha wakashangaa mbona Fez ina vichochoro visivyofika hata mita moja. Hadithi inahusu mgogoro. Wenye ardhi wakikubaliana njia yao iwe nyembamba zaidi, hakuna anayewalazimisha kuipanua. Vichochoro vyembamba mno ama vilitokana na makubaliano, ama na fina kuliwa polepole: huyu ameongeza ngazi, yule amesogeza ukuta shubiri moja, na miaka mia mbili imepita. Wanazuoni walibishana hasa juu ya hilo. Wengine walisema kilichoingia njiani kibomolewe hata kama njia imebaki pana. Wengine, baadhi ya Wamaliki wakiwemo, walisema kama hakuna anayedhurika kiachwe.

Nawawi ni mkali zaidi. Katika njia inayopenya haijuzu kujenga dakka, yaani jukwaa la kukalia, wala kupanda mti. Kisha anataja kauli dhaifu kwamba inajuzu kama haidhuru. Tafakari hapo kuhusu baraza zetu. Baraza la mawe lililoandama ukuta ndilo alama ya mitaa ya Lamu na Unguja, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu lingeweza kukataliwa pale linapokaa juu ya njia ya watu wote. Lilidumu kwa sababu mji uliliweka ndani ya daka, yaani ukumbi wa mlangoni mwa nyumba, au kwenye fina, likafanywa jembamba, likawa kimbilio la mpita njia mvua inapogeuza uchochoro kuwa mto. Anayejenga baraza leo ajiulize swali hilo hilo: punda mwenye mzigo akikutana na jeneza hapa, watapishana?

Juu ya njia nako kuna sheria. Chumba kinachovuka uchochoro kutoka nyumba moja hadi nyingine huitwa sabati katika miji ya Afrika Kaskazini. Lamu huitwa wikio. Nawawi anaweka kipimo chake: kisiwadhuru wapitao, na kiwe juu kiasi cha mtu kupita amesimama wima. Kama ni njia ya wapanda farasi na misafara, basi kiinuliwe hadi ngamia mwenye machela apite pamoja na fito za kivuli chake. Hiki ni kipimo kizuri kwa sababu kinategemea mtumiaji. Hakimwambii fundi mita tatu na nusu mahali ambapo hajapita ngamia hata mmoja.

Boriti za sabati zinaegemea wapi? Kama upande wa pili ni nyumba ya mtu mwingine, kuna njia mbili: kumwomba haki ya kuegemeza ukutani mwake, ambayo busara ni kuiandika mbele ya mashahidi, au kusimamisha nguzo zako mwenyewe kandokando ya ukuta wake bila kuugusa. Ukiona sabati yenye nguzo zilizobana ukuta wa jirani kana kwamba hazina kazi, unasoma mkataba: jirani alikataa kubeba uzito, au mjenzi hakutaka kumtegemea.

Sasa njia isiyopenya. Huu uchochoro si wa umma. Ni milki ya pamoja ya wale ambao milango yao imefunguka humo, na mara nyingi ulikuwa na lango lililofungwa usiku. Huwezi kufungua mlango mpya humo bila ridhaa yao, hata kama ukuta ni wako. Na hata aliye na mlango hana uhuru kamili. Fiqhi ya Shafii inagawa hivi: akitaka kuuhamishia ndani zaidi, mbali na mdomo wa uchochoro, wenzake wana haki ya kumzuia, kwa sababu ataanza kupita mahali ambapo hakuwa na haki ya kupita. Akitaka kuusogeza karibu na mdomo lakini auache na ule wa zamani, pia wanaweza kumzuia. Akiuziba wa zamani, hawana neno. Ukishaielewa kanuni hii, milango iliyozibwa kwa mawe utakayoiona ukipita itaanza kueleweka.

Hapo ndipo umbo la mti linapotoka. Barabara kuu ndiyo shina, njia za mtaa ni matawi, vichochoro visivyopenya ni vitawi vinavyoishia kwenye milango. Mgeni huona ni mvurugano. Mkazi anaona ngazi za umiliki: hapa ni pa kila mtu, hapa ni pa mtaa, hapa ni petu sita.

Ukuta

Abu Huraira amepokea kutoka kwa Mtume: jirani asimzuie jirani yake kupachika mti ukutani mwake. Maana yake, kama jirani yako ameshajenga ukuta na wewe unataka kuezeka, boriti zako ziegemee ukuta wake badala ya kujenga wa pili kando yake. Faida ni kubwa: nusu ya mawe na chokaa, na hakuna mwanya katikati wa kutupia taka na kuzalia panya.

Je, ni lazima? Imamu Ahmad bin Hanbal aliona ni lazima kumruhusu ikiwa ukuta hautadhurika. Wamaliki kwa jumla waliichukua kuwa ni mapendekezo mazito. Imamu Shafii, katika kauli yake ya baadaye iitwayo mpya, alisema ukuta ukiwa wa mmoja, mwenzake haweki boriti bila idhini wala mwenyewe halazimishwi. Kwa hiyo anayenunua nyumba ya kale pwani hii aanze na swali ambalo wengi hawaliulizi: kuta za pembeni ni za nani? Chungulia boriti. Zikiwa zimeingia ukutani kutoka pande zote mbili, una ukuta wa shirika au ruhusa ya zamani. Kuubomoa upande wako ili ujenge kwa matofali ya saruji ni kuing'oa dari ya mwenzako.

Na boriti ndizo zilizoamua vipimo vya nyumba zetu. Mkoko hauzai nguzo ndefu. Chumba cha Lamu au Unguja kina upana usiozidi sana mita 2.5 hadi 3, lakini kinaweza kuwa kirefu kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Vyumba vile vyembamba na virefu vinavyofuatana hadi ndani vina chanzo chake kwenye msitu wa mikoko.

Jicho la jirani

Fustat, mji wa kwanza wa Waislamu Misri, ulipokuwa bado mchanga, Kharija bin Hudhafa alijenga chumba cha juu. Majirani wakalalamika. Mwanahistoria Ibn Abd al-Hakam anapokea kwamba Umar alimwandikia gavana wake Amr bin al-As: ingia chumbani, weka kitanda chini ya dirisha, asimame juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi, akiweza kuona nyumba za watu, kivunje.

Hukumu hiyo imebeba mambo matatu. Kwanza, inapima kinachoonekana, si dirisha lenyewe. Mwanga na upepo ni ruhusa. Pili, inaweka mtu wa wastani, ili mwenye nyumba asijitetee kwa ufupi wake wala jirani asishtaki kwa urefu wa mtu mmoja. Tatu, inatambua kwamba watu hupanda juu ya kitanda. Matokeo yake ndiyo madirisha madogo yaliyo juu sana ukutani.

Hukumu za baadaye ziliendeleza hilo. Sahnun wa Kairouan, mwanachuoni wa Maliki wa karne ya 9, alipoulizwa kuhusu mnara ambao mwadhini akiupanda anaona nyua za watu, alisema azuiwe kupanda. Adhana ni ibada, na bado haikumpa mtu haki ya kuona uani kwa mwenzake. Karne nyingi baadaye, Majalla, kanuni ya sheria za kiraia ya dola ya Uthmania, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, ilitaja wazi kwamba kuona mahali wanapokaa wanawake, kama vile jikoni, kisimani na uani, ni dhara kubwa. Lakini ikasema pia kuwa dirisha likiwa juu kuliko kimo cha mtu, jirani hawezi kudai lizibwe kwa hofu tu kwamba huenda mwenyewe akaweka ngazi. Majalla hiyo hiyo ilikataa malalamiko ya kukatiwa upepo au mandhari. Kumzibia mtu mwanga wote ndiko kulikohesabika kuwa dhara kubwa. Anayedhani sheria ya Kiislamu inazuia kumjengea mtu mbele ya mandhari yake ya bahari, kwa kipimo hicho hana kesi.

Milango nayo haikutazamana. Katika uchochoro mwembamba mlango mpya ulisogezwa pembeni kidogo ya mlango wa ng'ambo. Nyumba ya Lamu inaongeza kinga nyingine: ukivuka daka unaingia tekani, yaani ukumbi wa ndani ya mlango, na tekani imepinda, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi mpita njia haoni kiwanda, yaani ua wa ndani. Mgeni wa kiume huishia sabule, chumba cha wageni. Misana na ndani, yaani kumbi na vyumba vya nyuma, ni kwa wenyewe.

Moshi, harufu na mtikisiko

Madhara mengine yalipangwa makundi matatu: moshi wa tanuri na hamamu, harufu ya ngozi na vyoo, na kelele au mtikisiko wa vinu. Tunis ya karne ya 14 alikuwepo mwashi mkuu, Ibn al-Rami, aliyefanya kazi na kadhi Ibn Abd al-Rafi na kuandika kitabu kizima cha hukumu za majengo. Ni mtu wa mwiko na timazi, si wa kalamu tu. Anaeleza alivyopima malalamiko ya jirani wa kinu. Chukua karatasi, funga nyuzi nne kwenye pembe zake nne, itundike kwenye dari iliyoegemea ukuta ulio kati ya kinu na nyumba, weka juu yake mbegu kavu za giligilani, kisha mwambie mwenye kinu azungushe. Mbegu zikitikisika, kinu kiondolewe. Zisipotikisika, mlalamikaji anaambiwa amwache mwenzake afanye kazi.

Kipimo hicho kinanivutia kuliko yote, kwa sababu kinamtoa kadhi kwenye ubishi wa nani anasema kweli. Namna hiyo hiyo kadhi aliwatuma wajuzi wa majengo kukagua nyufa, kuamua ukuta ni wa nani kwa kutazama jinsi mawe yalivyofungana pembeni, na kutofautisha ufa wa zamani na ufa mpya.

Pia hapo ndipo masoko yalipojipanga. Wauza ubani, vitabu na nguo walikaa karibu na msikiti mkuu. Wahunzi na watia rangi mbali zaidi. Watengeneza ngozi kandoni, karibu na maji. Si kila mji ulifuata hivyo kikamilifu. Fez ina matangi ya ngozi katikati ya mji wa kale, karibu na mto.

Maji

Maji huleta kesi nyingi kuliko dirisha, na huharibu zaidi. Kanuni ni rahisi: mwenye haki ya zamani ya kupitisha maji hazuiliwi, na hana ruhusa ya kuyaongeza. Paa lako lina milizamu miwili inayomwagia uchochoroni tangu babu. Ukiongeza ghorofa ukayaelekeza maji ya paa lote kwenye mmoja, hukutumia haki ya zamani, umeanzisha dhara jipya.

Mfereji wa pamoja wa maji machafu ulikuwa na hesabu yake. Kwa rai moja ya wanazuoni, usafishaji huanza juu. Chukua nyumba tatu zilizopangana kwenye mteremko. Kipande cha mbele ya nyumba ya kwanza kinasafishwa na mwenye nyumba ya kwanza peke yake. Cha mbele ya nyumba ya pili kinasafishwa na wa kwanza na wa pili, kwa sababu uchafu wa wote wawili unapita hapo. Cha tatu ni cha wote watatu. Aliye juu hulipia zaidi kwa kuwa uchafu wake unasafiri mbali zaidi. Wengine walipendelea kugawa sawa kwa idadi ya nyumba, jambo ambalo ni jepesi kukusanyia fedha lakini halina haki ile.

Uzushi unaorudiwa

Wapo wanaosema nyumba ya ua ni agizo la Uislamu. Nyumba za ua zilikuwepo Mesopotamia maelfu ya miaka kabla ya Uislamu, na Sanaa na Shibam, miji ya Waislamu ya Yemen, ilijenga nyumba ndefu kama minara, za ghorofa nyingi, badala yake. Sheria iliangalia haki ya faragha. Umbo liliachiwa hali ya hewa, mawe na kiwanja.

Wapo wanaosema vichochoro vilikuwa vyembamba kwa umaskini. Wanasahau kivuli. Piga hesabu. Ukuta wa mita 6, jua likiwa limeinama nyuzi 45 kuvuka njia, hutoa kivuli cha mita 6. Katika uchochoro wa mita 2 ardhi yote iko kivulini na jua linagusa mita 2 za juu tu za ukuta wa pili. Katika barabara ya mita 10, mita 4 zinaungua. Pwani yetu iko karibu na ikweta, hivyo saa sita mchana jua hushuka moja kwa moja, lakini asubuhi na alasiri ndipo watu wanapotembea. Hata hivyo hoja ya zimamoto ni ya kweli: gari kubwa haliingii. Dawa yake ni mabomba ya kuzimia moto yaliyozikwa ndani ya mtaa na vifaa vidogo vya kusukumwa kwa mkono, maana kukata barabara kunaangusha kuta zilizoegemeana.

Ukataji huo ulishafanyika kwingine. Istanbul ilipata kanuni za ujenzi za upana wa barabara mwaka 1848. Cairo ilikatwa na mtaa wa Muhammad Ali katika miaka ya 1870. Morocco, baada ya 1912, Wafaransa waliiacha miji ya kale wakajenga mipya kando yake, na matajiri wakahama. Mitaa iliyoachwa na wenye uwezo hubaki bila wa kuitengeneza.

Kwetu Mji Mkongwe ulipata mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985 na kuingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lamu ilifuata 2001. Vibali sasa hutoka ofisini, na ofisi hutazama sura ya mbele ya nyumba: mlango, rangi, idadi ya ghorofa. Jirani hutazamwa kidogo, na mabaya mengi hutokea nyuma ya sura hiyo.

Saruji ndiyo ya kwanza. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji unaufungia ndani. Chumvi inapanda, mawe yanamenyeka, na ncha za boriti zilizomo ukutani zinaoza kimyakimya hadi sakafu ishuke. Ukuta ukiwa wa shirika, boriti zinazooza ni za wawili, ingawa saruji ilipakwa na mmoja. Tengeneza kwa chokaa, hata kama fundi anakuambia inachelewa kukauka. Inachelewa kweli, na inahitaji kumwagiwa maji na kufunikwa isipasuke.

La pili ni bati la mteremko lililowekwa mahali pa paa bapa. Paa bapa lilimwaga maji kwa milizamu, mahali palipojulikana. Bati linayamwaga ukingo mzima, mara nyingi juu ya ukuta wa jirani. Weka mfereji wa bati na bomba la kushuka hadi kwenye mtaro kabla mvua za masika hazijaanza. Bomba la kiyoyozi linalodondosha uchochoroni lina hukumu ile ile ya mlizamu mpya: lishushwe ukutani mwako hadi chini.

La tatu ni tangi la maji juu ya paa. Watu hubishana juu ya uzito wake, na ni haki, kwa kuwa lita 1,000 ni tani nzima juu ya boriti za mkoko; liwekwe juu ya ukuta mnene, si katikati ya dari. Lakini kuna fundi na kijana wa nyumba wanaopanda kila wiki kulitazama, na ua wa jirani uko wazi chini yao. Ukuta wa kinga kuzunguka paa, uliopita kimo cha mtu wa wastani, ukipimwa kutoka pale atakapokanyaga, unamaliza shauri hilo. Kwenye paa la boriti upandishwe juu ya kuta za nje tu, na uwe mwepesi: mbao au fito zinatosha.